Wimbo wa Harusi Uliohamia Matangani

Simu ya Arlène ikilia kabla ya saa moja asubuhi, mumewe Octave hakuuliza kuna nini. Huwa ndiyo kwanza anaingia kutoka lindoni, bado amevaa buti, lakini angekaa ukingoni mwa kitanda na kungoja atajiwe jina la marehemu. Wakongo wa Yeoville, mtaa wa Johannesburg, walikuwa na utaratibu wao. Mtu akifariki hupigiwa mchungaji, hupigiwa mwenyekiti wa chama, kisha hupigiwa Arlène aje na gitaa. Kuna siku Arlène alipata habari kabla ya mchungaji, na mchungaji hakupenda hata kidogo.

Mwimbaji mwingine angejiona amefika. Arlène alikuwa anakereka, tena waziwazi. Aliimba injili kwa mtindo wa kantri, ule wa gitaa la nyuzi za chuma na hadithi za watu wa kawaida. Alikuwa na sauti nzuri na nyimbo kumi na nne alizozitunga mwenyewe. Alichotaka ni kitu kimoja tu, na kila aliyewahi kukalia kiti chake pale saluni alikijua, maana alikisema bila kuulizwa: aalikwe harusini. Si kula. Kuimba.

"Mimi siko jeneza," alisema, huku akivuta nywele za mteja kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Niko mwimbaji."

Kantri aliitoa kwao Kalemie. Baba yake alikuwa mtunza stoo wa reli, mtu wa maneno machache, na katika vitu vyake vyote alivyovithamini kulikuwa na redio ya kaseti na kaseti tatu za Wamarekani alizoachiwa na mmisionari mmoja aliyeondoka kwa haraka wakati wa vita. Mzee hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini jioni aliweka kaseti, akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa na kusema, "Huyu mutu anasema kweli." Ndiye aliyemfundisha Arlène kupiga: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene bila kusimama, vidole vingine vinajibu juu. Arlène alipoingia kwaya akaanza kupiga hivyo hivyo chini ya tenzi za zamani. Kiongozi wa kwaya alilalamika kwa wazee wa kanisa kwamba tenzi zake sasa zimepanda farasi.

Johannesburg alifika mwaka 2008, akimfuata Octave. Gitaa lilisafiri limefungwa kwenye blanketi, na katika kila mpaka askari walilifungua wakitafuta wanachojua wenyewe. Akapata kiti katika saluni moja ya Mtaa wa Raleigh, kati ya wasusi watano, akawa anasuka huku anaimba. Baada ya muda wateja waligundua jambo: vidole vyake vilifuata wimbo. Akiimba taratibu, utakaa kitini mpaka uchoke. Akiimba wa mbio, umemaliza na jua bado liko juu. Basi mwenye haraka alichagua wimbo kwanza, ndipo akachagua mtindo wa nywele.

Wimbo wa wenye haraka ulikuwa "Sahani Moja". Aliutunga mwaka 2014, wiki ambayo yeye na Octave walihama chumba walichogawana kwa pazia na familia nyingine mbili, wakapata chumba chao, chenye mlango wao na ufunguo wao. Jioni ya kwanza hawakuwa na meza wala kiti. Walikuwa na sahani moja ya bugali na sombe, yaani kisamvu, wakala wamekaa sakafuni, wakacheka kama watoto walioachiwa nyumba. Kesho yake wimbo ulikuwa tayari:

*Sahani moja, vijiko viwili,*
*wewe kula, mimi nile,*
*nafasi ya tatu ni ya Bwana,*
*asogee tule naye.*

Arlène aliutunga kwa ajili ya maarusi, na hakuficha. Gitaa lake lilikimbia, kiitikio kilikuwa chepesi kiasi kwamba mgeni angekishika mara ya pili. Aliyeupenda kuliko wote alikuwa Mama Marthe, muuza sombe na samaki wakavu wa soko la Yeoville, mjane, Mkalemie mwenzake. Alikuja kusukwa kila Jumamosi ya tatu, na kila mara alitaka wimbo huo huo, haraka awe nayo asiwe nayo. Alipiga magoti yake kwa viganja akifuata gitaa ambalo halikuwepo.

"Hii utamuimbia Murielle wangu siku ya ndoa yake," alisema siku moja. Murielle alikuwa bintiye wa pekee, yuko shule bado. "Apana ingine. Hii."

"Nitamuimbia, Mama Marthe."

"Apa."

Arlène akaapa, kitana kikiwa mdomoni.

Mwezi wa sita mwaka 2015 presha ilimwangusha Mama Marthe pale pale sokoni, na siku ya pili hakuwa nao tena.

Matanga yaliwekwa katika ukumbi wa kanisa. Siku hiyo teksi zote za jiji zilikuwa zimegoma, na kwaya, ambayo nusu yake ilikaa Soweto, haikufika. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki wakitazamana. Mwenyekiti wa chama cha wana Kalemie, Papa Évariste, mtu mfupi mwenye suti ya misiba ambayo kila mtu aliijua, alikwenda mlangoni mara nne kuchungulia barabara. Mara ya tano alikuja kwa Arlène.

"Mama Arlène, tafazali. Batu banangoja. Imba hata moja tu."

Hakuwa ameandaa kitu. Kichwani mlikuwa na wimbo mmoja, ule wa marehemu, akaona ni haki yake kuagwa nao. Akaanza. Lakini pumzi haikumtosha, na kila alipofika kwenye kiitikio aliona viganja vya Mama Marthe juu ya magoti. Kidole gumba kikapunguza mwendo ili sauti ipate kupumua. Kikapunguza tena. Mpaka ubeti wa mwisho wimbo ulikuwa unajikokota, na ukumbi mzima ulikuwa unalia, hata wale waliokuja kwa ajili ya chai.

Kulikuwa na simu kama ishirini zilizoinuliwa juu kurekodi. Baada ya wiki moja sauti ya Arlène ilikuwa imefika Durban, imefika Cape Town, imefika Lubumbashi, na kila ilikofika ilifika na maelezo yale yale: wimbo wa matanga, utalia.

Akaanza kuitwa. Mara ya kwanza aliona ni heshima, akaenda. Mara ya pili hakuweza kukataa, marehemu alikuwa jirani. Mara ya tano alijaribu kuimba wimbo mwingine, na mjane akamshika mkono: "Ile ya Mama Marthe, dada." Akaimba ile ya Mama Marthe, kwa mwendo ule ule wa Mama Marthe, kwa sababu ndivyo watu walivyoujua. Mwaka ulipokwisha hata saluni alikuwa ameacha kuuimba. Siku moja ulimponyoka mdomoni, na mteja akageuka kitini akiwa amesukwa nusu kichwa.

"Mama, nakuomba. Nina baba yangu hospitali."

Mwaka 2016 alirekodi albamu katika studio ndogo ya Newtown. Picha ya jalada ilihitaji koti la kantri, lenye nyuzi zinazoning'inia mikononi, basi akaenda Fordsburg kwa Burhani, fundi cherehani kutoka Tanga aliyekuwa akimshonea tangu mwaka 2013. Alimpelekea jalada la kaseti ya baba yake. Burhani aliligeuza huku na huku.

"Dada Arlène, hii mikia ni ya nini?"

"Ni ya kantri."

"Inafanya kazi gani?"

"Haifanyi kazi. Inaning'inia."

Burhani aliridhika. Alikwenda duka la jirani akanunua kitu kilichoning'inia, na kwa bahati mbaya kilikuwa ni urembo wa mapazia, rangi ya dhahabu. Arlène alipolivaa koti alifanana na dirisha la sebuleni. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akapigwa nalo picha hivyo hivyo, kwa sababu lilimkaa vizuri mabegani.

Albamu ilipotoka alimpelekea fundi nakala ya bure. Burhani akaiweka redioni huku akiendelea kushona. Wimbo wa kwanza alitikisa kichwa, wa pili alitikisa kichwa, wa tatu akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Huu siyo ule wa sahani?"

"Ndiyo, ni ule."

"Umeupunguza moto? Zamani ulikuwa ukija kupima nguo unauimba hapa, mashine yangu inakimbia yenyewe hata sijijui. Leo mashine inalala."

"Weye uko fundi wa nguo, Burhani."

"Ni kweli, dada. Yaishe."

Lakini Arlène alitoka pale amenuna, na kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, alisimama mpaka zikabadilika mara mbili bila kuvuka. Alijiambia kwamba mtu wa taarabu ataijulia wapi kantri.

Harusi ya kwanza ilimjia mwaka 2017, na heri isingekuja. Binamu ya Octave alikuwa anaoa, na Octave alibembeleza ukoo mzima mpaka mkewe akawekwa kwenye ratiba. Arlène alichagua wimbo mwingine kabisa, wa furaha, akaufanyia mazoezi wiki tatu. Alivaa koti lake. Mshereheshaji akatangaza jina, na kabla hajagusa uzi, shangazi mmoja wa upande wa bibi harusi akauliza kwa sauti iliyofika mpaka jikoni:

"Eh! Nani amekufa?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mama wa bibi harusi alivuka ukumbi, akamshika Arlène mkono kwa upole sana, akampeleka kwenye kiti kilicho karibu na chakula. "Pumzika, mama. Unachoka na kazi mingi." Upole huo ndio uliomuumiza. Angetukanwa angejua la kujibu. Alikula wali bila kuusikia ladha, koti likimwaga nyuzi zake za dhahabu kwenye mchuzi, na nyumbani akalisukuma gitaa chini ya kitanda kwa mguu.

"Matanga nimemaliza," alimwambia Octave. "Bapige CD."

Na kweli walipiga CD. Miezi miwili alikataa kila mwaliko, na kwa miezi hiyo miwili sauti yake ilihudhuria misiba yote kama kawaida. Hata alipokataa kwenda, alikwenda. Kisha mjane mmoja alikuja mwenyewe mpaka saluni, akakaa tu kwenye benchi la wateja na kumtazama. Arlène akaenda kuchukua gitaa. Alikuwa na hasira nyingi, lakini roho ngumu hakupewa.

Mwezi wa tatu mwaka 2019 aliingia saluni binti mrefu, mwenye macho ya Mama Marthe. Alikuwa Murielle. Alikuja Johannesburg ana miaka minne, Kizulu chake kilikuwa kama cha mzawa, na Kiswahili alikisema kwa kuchagua maneno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alikuwa anafanya kazi duka la dawa, na alikuwa anaolewa na fundi umeme wa Soweto aitwaye Mpumelelo.

"Auntie Arlène," alisema akiwa kitini, "kwa ndoa yangu nataka uimbe wimbo ya mama."

Arlène akaweka kitana chini.

"Wimbo gani?"

"Sahani Moja. Mama alikuwa anaimba akiosha vyombo. Alisema umeapa."

Kwa miaka minne Arlène alikuwa amengoja mtu mmoja tu amwite harusini, na aliyekuja kumwita ndiye huyu, na wimbo anaoutaka ndio ule. Alijisikia kulia na kumpiga mtu kwa wakati mmoja. "Mwanangu, ile sasa iko ya matanga," alisema. "Niliiharibu. Batu watalia. Nitakuimbia ingine."

"Sitaki ingine."

"Murielle."

"Hapana, Auntie. Mimi Kiswahili sijui mingi. Ile wimbo najua yote."

Arlène akasema ndiyo. Angesema nini?

Habari haikukaa. Jumatano yake aliingia saluni François, kaka yake Mama Marthe, mjomba aliyesimama mahali pa dada yake katika ndoa hii tangu mazungumzo ya mahari. Alikuja na Papa Évariste kama shahidi. Wanaume wawili wenye suti wakasimama kati ya vikaushio vya nywele, na wanawake wote masikio wazi.

"Mama Arlène, heshima yako ninaiweka," François alianza. "Lakini ile wimbo, apana. Miye nilifika Johannesburg siku mbili mbele ya dada yangu kufa. Ile wimbo nilisikia mara ya kwanza yeye akiwa mu sanduku. Kila nikisikia, namuona mu sanduku. Siku ya mtoto wake niimbiwe hii? Na batu ba Soweto watasema tumebaletea kifo mu nyumba."

Papa Évariste aliitikia kwa kichwa, japo yeye ndiye aliyeuomba wimbo siku ile ukumbini.

Arlène alimtazama yule mtu. Alikuwa amejiandaa kugombana, maneno yalikuwa tayari, lakini macho ya François yalikuwa mekundu na mikono yake ilikuwa inazungusha kofia. Hasira ikamwishia. "Nimesikia, papa," alisema. "Sitaimba." Sasa alikuwa na ahadi mbili, ya kuimba aliyowapa marehemu na bintiye, na ya kutoimba aliyompa ndugu wa marehemu, na ahadi moja lazima ife.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, saa tano asubuhi, katika ukumbi mmoja wa Newtown. Baridi ilikuwa ya kweli, watu wanatoa moshi mdomoni. Wakongo walikaa kushoto na vitenge vyao vya sare, watu wa Soweto kulia, wanawake wao wakubwa wamevaa kofia nyekundu pana za Kizulu na blanketi mabegani. Wakongo wana jambo lao: maarusi hawaingii kwa kutembea, wanaingia kwa kucheza, hatua mbili mbele na moja nyuma, na mlango mpaka kiti cha heshima unaweza kumaliza nyimbo mbili. Watu wa Soweto walikuwa wameambiwa, wakawa wamegeuza viti kuangalia mlango.

Arlène alisimama mbele na koti lake. Mshereheshaji akatoa ishara. Akaanza wimbo wake ule wa furaha, wa mwaka 2017, ambao haukuwahi kuimbwa. Mlango ukafunguliwa. Mpumelelo alipiga hatua mbili mbele, akavutwa mkono, akarudi. Murielle alikuwa amesimama kizingitini, shela imemfunika uso, hatikisiki.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Murielle yuko pale pale. Wa pili. Mshereheshaji alitania kwamba labda viatu vinambana, watu wachache wakacheka. Wa tatu ulipoisha hakuna aliyecheka. François akainuka, akaenda mlangoni kwa hatua ndefu, akainamisha kichwa kwenye shela. Walizungumza. François alirusha mikono. Murielle hakurusha kitu. Kisha mjomba akageuka, akauvuka ukumbi wote mpaka kwa Arlène, jasho likimtoka katika baridi ile.

"Anasema haingii. Ni Marthe kabisa, ile kichwa." Akafuta uso. "Imba ile yake."

"Niliahidi weye, papa."

"Nakufungulia. Lakini miye naenda inje."

Akatoka kwa mlango wa pembeni. Arlène aliweka mkono juu ya nyuzi. Aliogopa kama hajawahi kuogopa. Kisha akaanza, kwa mwendo ule ule wa misiba yote, kwa sababu vidole havikujua mwingine tena.

*Sahani moja, vijiko viwili...*

Upande wa kushoto ulikufa ganzi. Mama mmoja akaweka mikono kichwani. Mwingine akaanza kile kilio cha chini kinachojulikana, na kitambaa kikatoka, na cha pili, na Papa Évariste, kwa mazoea tu, akainuka na kufunga vifungo vya koti. Arlène aliona yote akajisemea, basi, nimemzikia mtoto ndoa yake.

Upande wa kulia hawakujua lolote. Hawakuwahi kuusikia wimbo huu, hawakujua Mama Marthe ni nani. Waliona mwanamke mwenye koti la nyuzi za dhahabu anapiga gitaa, na gitaa linasuasua kama gari lililolala nje kwenye baridi. Basi shangazi yake bwana harusi, mama mnene mwenye kofia kubwa kuliko zote, akafanya ambalo mtu muungwana hufanya akiona gari la mwenzake haliwaki. Akasukuma. Alisimama, akaanza kupiga makofi, kwa mwendo alioona yeye unafaa. Wa pembeni yake wakasimama. Blanketi zikawekwa kwenye viti. Mara wakawa wanawake thelathini, makofi na miguu, na sakafu ya mbao ikaanza kujibu.

Kidole gumba cha Arlène kilikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kugombana na wanawake thelathini wa Soweto, au kufuata. Kilifuata. Kikaongeza kidogo, wakaongeza. Kikaongeza tena. Na katikati ya kiitikio Arlène akausikia. Huu ndio mwendo wenyewe. Huu ndio aliotungia, sakafuni, kijiko mkononi. Huu ndio wa wateja wenye haraka. Kwa miaka minne aliwalaumu watu kwamba wamemnyang'anya wimbo wakaupeleka makaburini, kumbe yeye ndiye aliyeupunguza mwendo siku moja kwa sababu ya uchungu, na hakuwahi kuurudishia. Aliona haya, usoni kukawaka moto. Hapo hapo akaanza kucheka huku anaimba, na sauti ikatoka imejaa.

Murielle akapiga hatua. Mbili mbele, moja nyuma, shela imefunuliwa, mdomo wake unaimba kila neno bila kuchagua mawe. Mpumelelo alimfuata akikosea hatua zote kwa moyo mkunjufu. Upande wa kushoto wamama walikuwa wanafuta machozi kwa mkono mmoja na kupunga kitambaa kwa mkono mwingine, hawajui washike lipi, mpaka miguu yao ikaamua. Papa Évariste alifungua tena vifungo vya koti. Maarusi walipofika kwenye kiti cha heshima yule shangazi akapaza sauti, "Phinda!" Hakuna Mkongo aliyehitaji kutafsiriwa. Arlène akarudia wimbo, akarudia tena.

Nyuma kabisa ya msururu wa wachezaji, mara ya tatu, alimwona François. Alikuwa ameingia tena, hakuna aliyejua saa ngapi. Hakuwa anacheza. Alikuwa amesimama anasikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja.

Gitaa liliponyamaza alikuja mbele. Watu walikuwa wanakaa, vyombo vinaanza kulia jikoni.

"Mama Arlène," alisema polepole, "Marthe alikuwa anaisikiaka hivi?"

"Kila Jumamosi ya tatu. Na magoti anapiga, mpaka miye napoteza mustari wa nywele."

"Anapiga magoti?"

"Kwa nguvu. Na kucheka."

François alivuta kiti cha plastiki, akakiweka mbele yake kabisa, akakaa. Akaweka viganja juu ya magoti yake.

"Imba tena," alisema. "Ile ya kwanza nilimusikia akiwa amekufa. Sasa nataka kumusikia akiwa muzima."

Arlène akakaza uzi wa pili, uliokuwa umelegea kwa baridi, akaanza.